Nauli ya Chupa Tupu

Mwanzoni mwa karne ya 19, mtu aliyetaka kuzoa taka za parokia moja ya London alilazimika kulipa ndipo apewe kazi hiyo. Nyumba zote za jiji zilipikia na kuota moto wa makaa ya mawe, na majivu yake yalisubiriwa kwenye matanuri ya matofali pembezoni mwa jiji. Majivu laini yalikandwa pamoja na udongo, na makaa yaliyoungua nusu yakatumika kuchomea matofali yenyewe. Uani kwa mkandarasi, wanawake walichekecha malundo kutwa nzima. Mifupa ilikwenda kwa watengeneza gundi na mbolea, matambara yakaenda viwanda vya karatasi, vyuma vikaenda kwa wahunzi. London ilijengwa kwa majivu yake yenyewe, na kulikuwa na fedha ya kutosha katika malundo yale hata Charles Dickens akaifanya mirathi ya mzoa taka kuwa kiini cha riwaya yake Our Mutual Friend, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1865.

Riwaya ilipotoka, biashara ilikuwa imekwisha kugeuka. Watu waliongezeka, majivu yakazidi mahitaji ya wachoma matofali, bei ikaporomoka. Wakandarasi waliokuwa wakiwalipa wakuu wa parokia wakaanza kuwatoza. Majivu yalikuwa yaleyale, chekeche zilezile, na ujuzi haukupungua hata chembe. Kilichobadilika ni upande fedha inakotoka.

Naanza na kisa hicho kwa sababu leo uchumi mzunguko, yaani namna ya kuzalisha ambapo kitu kilichotumika hurudi kuwa malighafi au hutumika tena badala ya kutupwa, huzungumziwa kana kwamba kampuni zinahitaji kuelimishwa. Semina zinafanyika, mabango yanabandikwa, wakurugenzi wanapigwa picha wakiokota chupa ufukweni. Historia inasema jambo jingine. Kampuni zimeujua mzunguko kwa zaidi ya miaka 200, zimeutumia ulipozilipa, na zimeuacha ulipozigharimu. Kila mara kikwazo kikubwa kimekuwa swali moja la kibiashara: kitu kikishatumika, nani analipa nauli yake ya kurudi?

Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Yorkshire, Benjamin Law alifanikiwa kuchana matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kuyasokota upya kuwa nyuzi. Wilaya nzima ikaishi kwa ufundi huo kwa zaidi ya karne, ikivalisha wafanyakazi na wanajeshi kwa nguo zilizozaliwa mara ya pili. Viwanda vya karatasi vya Ulaya navyo vilitegemea matambara ya pamba na kitani, hata matambara yakawa bidhaa ya kugombaniwa kati ya nchi na nchi. Kisha mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akagundua namna ya kusaga mti kuwa rojo la karatasi. Msitu ukawa nafuu kuliko tambara. Waokota matambara wa Paris walidhoofika pole pole, na mwaka 1883 mkuu wa jiji Eugène Poubelle alipoamuru kila nyumba iweke taka zake kwenye pipa lenye kifuniko, walilalamika kwamba ananyakua riziki yao. Pipa lile Wafaransa hadi leo wanaliita kwa jina lake.

Malighafi mpya inapokuwa rahisi, mzunguko hufa bila kuuawa na mtu. Lakini kuna mahali uliuawa kwa makusudi, na hapo inafaa kukaa kidogo.

Nchini Marekani, hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bia na soda ziliuzwa kwa chupa za kioo zilizorudi. Kila mji ulikuwa na kiwanda chake kidogo cha kujaza, gari lilipeleka chupa zilizojaa na kurudi na tupu, na mnunuzi aliacha senti chache dukani hadi arudishe chupa. Kampuni ilihesabu chupa kama mali yake, mfano wa mashine au jengo. Mwaka 1935 bia ya kwanza ya kopo ilianza kuuzwa, na baada ya vita makopo na chupa za kutupa yakaenea kwa kasi. Mantiki yake ilikuwa nyepesi. Kampuni kubwa ya bia iliyotaka kuuza jimbo la mbali haikuweza kumudu kurudisha chupa tupu umbali wa siku mbili. Kwa kopo la kutupa, gari liliondoka limejaa, nauli ya kurudi ikafutwa, na viwanda vidogo vya miji vikafungwa kimoja baada ya kingine. Maduka makubwa yakafurahi kwa sababu hayakutaka tena kuhesabu chupa mlangoni.

Gharama ile haikuyeyuka. Ilihamia barabarani. Mwaka 1953 jimbo la Vermont lilipiga marufuku bia katika chupa zisizorudishwa, wafugaji wakiwa wamelalamika kuhusu vioo vilivyotupwa mashambani na kuingia kwenye malisho ya ng'ombe wao. Mwaka huohuo kampuni za makopo, chupa na vinywaji zikaanzisha taasisi ya Keep America Beautiful, ikahubiri kwa miaka mingi kwamba tatizo ni raia mchafu anayetupa ovyo. Sheria ya Vermont iliachwa ife mwaka 1957. Ilibidi kungoja hadi 1971 ndipo jimbo la Oregon lipitishe sheria ya kulazimisha malipo ya dhamana kwenye chupa na makopo, nayo ikapingwa vikali na kampuni zilezile. Miaka miwili baadaye Nathaniel Wyeth wa DuPont akapata hataza ya chupa ya plastiki ya PET, nyepesi, isiyovunjika, inayostahimili gesi ya soda.

Kwa hiyo ninaposikia kampuni ikieleza kwamba "utamaduni wa wateja" ni kikwazo cha kurudisha vifungashio, huwa nakumbuka mwaka 1953. Utamaduni huo una waanzilishi wake. Vivyo hivyo watengenezaji wakuu wa balbu za umeme walikutana Geneva mwaka 1924 wakaunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu zisidumu zaidi ya saa 1,000, na aliyetengeneza inayodumu zaidi akatozwa faini. Uwezo wa kutengeneza kitu kinachokaa ulikuwepo. Ulizimwa kwa mkataba.

Ujerumani ilichukua njia tofauti. Mwaka 1969 ushirika wa wauza maji ya chemchemi, wengi wao kampuni ndogo za kifamilia, ulikubali kutumia chupa moja ya pamoja iliyosanifiwa na Günter Kupetz, ya lita 0.7, yenye vidoto vya kioo shingoni vinavyofanana na viputo vya gesi. Kampuni yoyote mwanachama iliweza kujaza chupa ya mwenzake. Chupa iliyonywewa Hamburg haikulazimika kurudi Bavaria; ilioshwa na kujazwa karibu. Chupa zaidi ya bilioni tano za aina hiyo zimetengenezwa tangu hapo, na moja huweza kujazwa hadi mara 50. Katika historia yote ninayoijua ya jambo hili sioni uvumbuzi wenye busara kuliko huo, na haukuwa mashine. Ulikuwa makubaliano ya washindani kuacha kushindana kwa umbo la chupa.

Lakini hata Ujerumani, sheria iliyokusudia kulinda chupa hizo iliteleza. Kanuni ya mwaka 1991 ilisema kwamba sehemu ya vinywaji katika vifungashio vya kurudi ikishuka chini ya asilimia 72, vifungashio vya kutupa vitawekewa dhamana ya lazima. Ikashuka, na tarehe 1 Januari 2003 dhamana ikaanza. Serikali ilitarajia watu warudi kwenye chupa za kujaza. Maduka ya bei nafuu yakanunua mashine za kupokea chupa za plastiki, yakazikandamiza na kuziuza kama malighafi, na kwa kuwa chupa haikuhitaji kuoshwa wala kurudishwa kiwandani ikiwa nzima, mfumo wao ukawa rahisi kuliko ule wa zamani. Chupa za kutupa zikarudi madukani kwa kiwango cha kupendeza, huku chupa za kujazwa tena zikiendelea kupungua. Mtunga sheria alipima kilichokusanywa, na kampuni zikampa kilichokusanywa.

Mwaka 1976 Walter Stahel na Geneviève Reday waliandika ripoti kwa Tume ya Ulaya wakieleza kwamba kukarabati na kutumia tena ni namna ya kuweka kazi ya mikono mahali pa nishati. Hoja yao inaeleza kwa nini mafundi walitoweka Ulaya: mshahara hutozwa kodi kubwa, malighafi haitozwi sana, basi kampuni hupunguza watu na kuongeza vitu. Sweden ilijaribu kulirekebisha hilo mwaka 2017 kwa kupunguza kodi ya ongezeko la thamani kwenye matengenezo ya baiskeli, viatu na nguo kutoka asilimia 25 hadi 12. Renault ilianza kufufua injini na giaboksi za magari mwaka 1949 katika kiwanda cha Choisy-le-Roi, na siri yake haifichiki: kipuri kichakavu kilirudi kupitia wauzaji wake wenyewe. Barabara ya kurudi ilikuwa mali ya kampuni.

Kule Kalundborg, mji mdogo wa Denmark, kiwanda cha mbao za jasi kilianza kutumia gesi ya ziada ya kiwanda jirani cha kusafisha mafuta mwaka 1972, na baadaye mvuke wa kituo cha umeme ukapelekwa kwa majirani, na jasi inayotokana na kusafisha moshi ikawa malighafi. Wataalamu kutoka kila pembe huenda kuutazama mji huo. Wengi hurudi na michoro ya mabomba, wakati kilichowezesha ni mameneja wanaofahamiana, wanaokaa mji mmoja na kuaminiana kiasi cha kuonyeshana hesabu. Kampuni zinazoogopana haziwezi kubadilishana mvuke.

Afrika Mashariki haikuhitaji kufundishwa haya na Denmark. Tulikuwa na mfumo wetu, na kizazi changu kimeukuta ukiwa hai.

Kampuni ya bia ya Kenya ilipoanza mwaka 1922, na za soda zilipokuja kujenga viwanda vya kujazia baada ya vita, chupa ilikuwa kitu cha thamani kuliko kinywaji kilichomo. Utaratibu ulienea kutoka Mombasa hadi Kigoma, kutoka Mwanza hadi Mbeya: kreti ya chupa 24, unaleta tupu unachukua zilizojaa. Huna chupa, unaacha hela ya chupa, au unakunywa hapohapo kizingitini na muuza duka anakutupia jicho. Watoto walitumwa dukani na chupa mkononi, na wengi wetu tulijifunza hesabu za kutoa kwa hela hiyo. Miaka ya mwisho ya 1970 na ya 1980, Tanzania ilipobanwa na uhaba wa fedha za kigeni, mwenye harusi aliyetaka soda alianza kwanza kuhangaikia chupa tupu, maana bila hizo wakala hakusikilizi hata ukiwa na fedha mkononi.

Ichukue chupa moja ya soda ya zamani uitazame kwa karibu. Begani na karibu na kitako ina mikanda miwili myeupe iliyochubuka, kama mchanga umepitishwa juu yake. Ni pale chupa zinapogusana zikiwa zimesimama bega kwa bega kwenye mkanda wa kiwandani. Kila safari inaongeza mchubuko kidogo. Kiwandani chupa hupita kwenye mashine ya kuoshea, ikilowekwa katika maji ya moto yenye kostiki ambayo hung'oa ukungu, lebo, na kila alichosukumia ndani mtoto mtundu. Kisha hupita mbele ya taa nyeupe, ambako kwa miaka mingi alikaa mtu akikodoa macho, chupa zikimpita mfululizo, akitoa iliyopasuka mdomo, yenye uchafu uliogoma, au iliyonuka mafuta ya taa. Aliyekaa pale hakuweza kukaa muda mrefu. Macho huchoka, wakabadilishana zamu. Chupa iliyokataliwa ilivunjwa na kuyeyushwa iwe chupa tena. Huo ulikuwa uchumi mzunguko kamili, na hakuna aliyeupa jina.

Lakini ukweli wote usemwe. Mfumo ule ulikuwa na mtu aliyebeba gharama kimyakimya, naye alikuwa mwenye duka. Yeye ndiye aliyenunua kreti mwanzoni na fedha yake ikalala humo miaka yote. Yeye ndiye aliyetoa kona ya duka lake kwa chupa tupu, akahesabu, akafidia zilizovunjika, akagombana na utingo wa gari la wakala kuhusu chupa moja yenye ufa. Kampuni ilipata barabara ya kurudi kwa mtaji wa mwenye duka. Ndiyo maana plastiki ilipoingia, yeye ndiye wa kwanza kuikaribisha, na mimi siwezi kumlaumu.

Tazama pia hesabu za kampuni mpya inayotaka kuingia soko la soda. Ikitaka kuuza kwa kioo, kwa kila chupa iliyo rafuni inahitaji nyingine iliyo kwa mnywaji, nyingine ndani ya gari, nyingine uani inasubiri kuoshwa. Inahitaji mamilioni ya chupa na makreti kabla ya kuuza hata moja, pamoja na mashine ya kuoshea, maji mengi, na kostiki. Kwa plastiki inanunua vijusi vidogo vya PET vinavyofanana na vichupa vya maabara, inavipuliza kwa hewa mle mle kiwandani, gari linaondoka, na likifika Mbeya linarudi na viazi. Benki inayokopesha kampuni hiyo inaelewa mashine ya kupuliza plastiki. Chupa tupu zilizotawanyika katika maduka elfu kumi haizipokei kama dhamana ya mkopo. Kampuni kongwe zenye kioo zikajikuta zikishindana na mtu asiyelipa nauli ya kurudi, zikaanza nazo kujaza plastiki. Hapakuwa na mkurugenzi mwovu katika kisa hiki. Kila mmoja alifanya kilichomfaa, na Mto Msimbazi wa Dar es Salaam ukapokea matokeo.

Mwelekeo huu si wa kwetu peke yetu. Februari 2022 Coca-Cola ilitangaza kwamba kufikia 2030 angalau robo ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika vifungashio vinavyojazwa tena. Desemba 2024 ilitangaza malengo mapya, na hilo la kujaza tena halikuwemo. Inaniuma zaidi kwa sababu kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshaonyesha Brazil, mwaka 2018, kwamba chupa moja ya pamoja inaweza kutumika kwa soda zake zote, lebo ya karatasi ikioshwa na kubadilishwa. Njia inajulikana. Ahadi isiyo na mtu wa kuidai hupimwa kwa robo mwaka ya hesabu, na hapo hushindwa.

Sasa mzigo umehamia kwenye kuchakata plastiki, na huko kikwazo kina sura ya bei ya mafuta. PET hutengenezwa kutokana na mafuta. Mafuta yanaposhuka bei, kama yalivyoshuka mwaka 2014 na tena 2020, plastiki mpya huwa nafuu, na mnunuzi wa plastiki iliyochakatwa huondoka. Wa kwanza kuumia ni mwokota chupa wa jalala la Dandora, Nairobi, au la Pugu, Dar es Salaam, ambaye huambiwa asubuhi kwamba kilo imeshuka bila kuelezwa kwa nini. Mwaka 2018 China ilipofunga milango kwa taka za plastiki kutoka nje, bei zilitikisika dunia nzima. Kiwanda cha kuchakata kinaweza kununua mashine nzuri kuliko zote, lakini kama mteja wake anaruhusiwa kumwacha kila mafuta yanaposhuka, hakuna mkopeshaji atakayekaa naye.

Kuna pia vikwazo vinavyoanzia kwa msanifu. Chupa ya kijani ikichanganywa na nyeupe huharibu thamani ya shehena nzima, na ilichukua hadi 2022 ndipo Sprite ianze kuuzwa Marekani katika chupa isiyo na rangi. Pakiti ndogo ya sabuni au nyanya tunayonunua kwa sarafu ni ngumu zaidi. Ichane taratibu utaona: nje filamu yenye maandishi, katikati tabaka jembamba la alumini, ndani plastiki nyingine inayogusana na chakula, vyote vimegandishwa kwa gundi. Sijui kiwanda katika ukanda wetu kinachoweza kuyatenganisha matabaka hayo kwa faida. Na bado pakiti hiyo ipo kwa sababu mamilioni ya watu hupata kipato cha siku, hivyo hununua cha siku. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema, lakini sabuni na mafuta haviwezi kukomeshwa hivyo. Jibu lipo mtaani tayari: mafuta ya kupima, na zile mashine za maziwa za Nairobi ambapo mtu huja na chombo chake. Kampuni kubwa huziogopa kwa sababu pipa likishafunguliwa dukani, haina hakika kama kinachouzwa kwa jina lake bado ni chake. Hofu hiyo ina msingi, na inatatulika kwa kufuli, mita na ukaguzi, kama pampu za petroli zinavyokaguliwa na watu wa vipimo kila mwaka.

Wasiwasi wa namna hiyo umeua hata kilichokuwa kikifanya kazi. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu nchini Kenya baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na kuuzwa kama chuma. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo, lakini kwa miezi hiyo viwanda vya kuyeyusha vilikosa malighafi na mafundi wa jua kali wakakaa bure. Kampuni inayotaka kutegemea malighafi iliyotumika lazima iweze kuthibitisha ilikotoka. Katika nchi ambayo mnunuzi wa vyuma hupokea mkokoteni usiku bila kuandika jina, mwekezaji makini hukaa mbali.

Mzunguko pia huning'inia kwenye biashara iliyouzaa. Kiwanda cha sukari cha Mumias magharibi mwa Kenya kilikuwa kikichoma makapi ya miwa na, kuanzia 2009, kuuza megawati 26 kwenye gridi ya taifa. Kwa muda lilikuwa jambo la kujivunia. Kisha miwa ikapungua, madeni yakapanda, usimamizi ukayumba, na mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu. Umeme ulikuwa umekwisha kuzimika pamoja na sukari.

Na kuna mizunguko ambayo ncha zake mbili ziko katika mabara mawili. Ulaya inapohesabu nguo zilizotumika tena, sehemu ya hesabu hiyo hufungwa katika marobota yanayofunguliwa katika masoko ya Gikomba, Nairobi, na Ilala, Dar es Salaam. Kwa mnunuzi ni neema, na mimi ni mmoja wao. Kwa viwanda kama Urafiki wa Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1960, marobota hayo yalikuwa sehemu ya anguko. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mwaka 2016 kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya ushuru ya AGOA. Wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Tangu hapo nguo zinazofika zimezidi kuwa mchanganyiko wa pamba na poliesta, ambao hata mrithi wa Benjamin Law hawezi kuusokota upya kirahisi. Simu na kompyuta hupita njia ya kinyume. Mbao za saketi zenye dhahabu na shaba hukusanywa Nairobi au Kigali, kisha hulazimika kusafirishwa kwenda kwenye mitambo ya kuyeyushia Ulaya au Asia, na Mkataba wa Basel wa 1989, uliotungwa kwa haki ili kuzuia nchi tajiri kutumwagia sumu, hudai idhini ya kila nchi inayohusika kabla kontena halijaondoka. Karatasi zile humchosha mkusanyaji mdogo mwaminifu. Mlanguzi hazimsumbui, kwa kuwa hazijazi.

Sheria zetu sasa zimeanza kugusa fedha yenyewe. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na mitaa ikaonekana tofauti. Hizo zilikuwa marufuku. Sheria ya Kenya ya 2022 kuhusu usimamizi wa taka, na kanuni zake za 2024, zinaingia ndani zaidi: zinamtaka mzalishaji au mwagizaji agharamie kukusanywa kwa bidhaa yake ikishatumika, peke yake au kupitia umoja wa wazalishaji. Katikati ya mwaka huohuo wa 2024 tozo ya mazingira iliyokuwa katika Muswada wa Fedha ilianguka pamoja na muswada mzima baada ya vijana kumiminika barabarani, na kwa haki, kwa sababu ilikuwa inampelekea mnunuzi wa nepi na taulo za kike bili iliyopaswa kwenda kwa aliyesanifu.

Kanuni hizo mpya naziunga mkono, ila nina ombi moja kwa watakaopanga ada zake Nairobi, na kwa wenzao wa Dodoma watakapofika hatua hiyo. Msipime kilo zilizokusanywa peke yake. Ada ikipigwa kwa uzito, chupa nyepesi ya plastiki italipa kidogo na kioo kizito kinachorudi kitaadhibiwa kwa uzito wake, na tutakuwa tumenunua makosa ya Ujerumani ya 2003 kwa bei kamili. Chupa inayorudi na kujazwa itozwe mara moja tu, siku inapozaliwa. Inayotupwa itozwe kila inapojazwa. Sehemu ya fedha hiyo imfikie mwenye duka kwa kila kreti tupu anayoitunza, ili kona yake ianze kulipiwa kodi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tayari utaratibu wa viwango vya pamoja, unaopanga mambo ya kila namna kuanzia saruji hadi unga wa mahindi. Iweke humo chupa moja ya soda na moja ya maji, isiyo na jina la kampuni kwenye kioo, ambayo mjazaji wa Arusha na wa Kisumu wote wanaweza kuiosha. Kampuni kubwa zitapinga, kwa kuwa umbo la chupa ni sehemu ya tangazo lao. Zile ndogo, zinazokodi mashine ya kupuliza plastiki kwa sababu haziwezi kununua makreti milioni, ndizo za kuulizwa kwanza.